Tabaka la Kumi na Saba

Alhamisi, tarehe kumi na mbili Juni. Asubuhi iliamka na ukungu mzito, pasipo upepo hata wa kutikisa kamba ya nguo, na umande ulikuwa ukidondoka kutoka kwenye bati tone moja moja, kama mtu anayefikiri kabla ya kila neno.

Nilikuwa nimepiga magoti kando ya kitanda tangu kabla hakujapambazuka. Kwa kawaida sala yangu ya asubuhi si ndefu. Namshukuru Mungu kwa usingizi, nawataja watoto mmoja mmoja, namtaja mume wangu, naitaja kazi ya mikono yangu, kisha nainuka. Siku hiyo nilipofika kwenye mikono nilikwama. Kwa wiki tano nzima nilikuwa nikimshukuru Mungu kwa jambo moja ambalo mikono hiyo ilifanya, na sasa nilijua kuwa jambo lenyewe lilikuwa kosa.

Mume wangu aligeuka upande wangu. "Leo sala imesafiri mbali. Unaniombea au unanishtaki?"

"Lala, baba watoto."

"Nitalalaje? Mtu ananong'ona hapa kama ana kesi."

Alisema kweli bila kujua. Nilikuwa na kesi, na sikuwa na wakili.

Mimi ni fundi cherehani. Nilishona miaka thelathini na moja kwenye kibaraza cha nyumba yetu, hasa sare za shule, na mtaani wakanipa jina la Mama Pindo kwa sababu pindo nililoshona mimi halifumuki. Sketi itachakaa, mtoto atakua, pindo litabaki. Kisha nguo za bei rahisi zikaanza kuingia kwa marobota. Cherehani za mtaa wetu zikanyamaza moja baada ya nyingine, na kila mmoja wetu akaifunika ya kwake kwa shuka, akawa anapita pembeni bila kuitazama.

Ukanda ulipoanza kujengwa ng'ambo ya reli, kwenye uwanja wa kiwanda cha matofali kilichokufa zamani, hatukudhani unatuhusu. Ubao mkubwa ulisema: Ukanda wa Viwanda vya Teknolojia ya Kijani. Wifi yangu aliusoma kwa sauti akasema, "Kijani kiko wapi? Mbona kuta nyeupe?" Na siku walipokuja mtaani kutafuta mafundi cherehani arobaini, tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mitambo ya upepo na cherehani, wapi na wapi!

Lakini bawa la mtambo wa upepo ni kitambaa. Wengi hawalijui hili, na mimi nisingelijua. Ni kitambaa cha nyuzi za kioo, cheupe, cha baridi mkononi, kinakuja kwa majora kama kitambaa kingine chochote. Kinalazwa tabaka juu ya tabaka ndani ya kalibu, chombo chenye umbo la bawa, ndefu ya hatua thelathini. Kikishatulia kinafunikwa kwa nailoni, pampu inanyonya hewa yote, na gundi nyepesi kama uji wa mgonjwa inaingia polepole na kulowesha kila uzi. Gundi ikikauka, kitambaa kimekuwa bawa. Wakubwa waligundua kuwa hakuna mashine inayojua kulaza kitambaa kwenye kona kama kiganja cha mtu aliyekilaza maisha yake yote. Ndiyo maana walitutaka sisi.

Kwenye ukumbi ule tunavua viatu na kuvaa soksi nyeupe, kisha tunaingia ndani ya kalibu. Mwanga unashuka kutoka juu kila upande, hivyo huoni kivuli chako. Sauti pekee ni pampu, inavuta pumzi, inaishusha. Siku nyingi nilihisi sitembei bali naelea, na kwamba sote arobaini tumo ndani ya ndoto ya mtu mwema ambaye bado hajaamka.

Nje ya ukumbi nako mambo yalikuwa kama ndoto. Mume wangu aliyeendesha malori ya mbali kwa miaka kumi na moja, aliyekuwa akirudi nyumbani kama mgeni na kuuliza chumvi inakaa wapi, sasa yuko stoo ya Ukanda na anakula chakula cha jioni mezani kwake. Ukumbi wa jirani wanatengeneza majokofu ya chanjo yanayotumia jua. La kwanza halikuuzwa, lilipelekwa zahanati yetu, na mama wenye vichanga hawapandi tena basi la alfajiri kufuata sindano mjini. Na jioni, bwalo tunalolia chakula cha mchana hugeuka darasa. Mimi niliachia shule darasa la nne. Sasa nina miaka hamsini na miwili na nina daftari lenye mistari.

Kitu kimoja tu kilikuwa bado: maji ya mtaa wa juu. Kilima kiko nyuma ya nyumba zetu, na wanaokaa juu hupanda na ndoo kichwani ngazi mia nne na kumi na mbili. Nilikwenda kuzihesabu mwenyewe. Ukanda ulikubaliana na mtaa kuwa mtambo wa kwanza kabisa tutakaoutengeneza utasimama juu ya kilima hicho, uvute maji ya kisima kipya mpaka mlangoni kwao. Mabawa matatu. Yalikuwa yamekamilika, yamepakwa rangi, yamelala kwenye vihimili vyake, yakisubiri kupakiwa Jumamosi.

Kosa langu lilikuwa ndani ya bawa la tatu.

Wiki tano nyuma tulikuwa kwenye shina lake, pale bawa linapokuwa nene kwa sababu ndipo litakapofungwa kwenye mtambo. Pale matabaka ni arobaini na nane na mwanga wa taa haupenyi. Tulikuwa tumelaza tabaka la kumi na saba. Kwenye kona, kalibu inapojipinda, kitambaa kilifanya wimbi dogo, la upana wa kidole. Sheria tunaijua: wimbi likitokea, mnainua tabaka zima, watu sita, mnalilaza upya. Tulikuwa tumeshaliinua mara mbili. Wenzangu walikuwa wamekwenda kuvuta jora jingine. Mimi nililitazama wimbi lile, na vidole vyangu vikafanya vilivyozoea kufanya kila nilipopachika mkono wa shati: vikabana, vikakunja, vikalaza, kiganja kikapita juu kama pasi. Wimbi likatoweka. Tabaka la kumi na nane likaja juu yake.

Ulikuwa mkunjo mzuri. Nisiseme uongo, ulikuwa mzuri kuliko yote niliyowahi kuifanya, na jioni ile nilipiga magoti nikasema: Ee Mungu, asante kwa kuwa hukuuacha ujuzi wangu uoze.

Siku moja kabla ya asubuhi ile ya ukungu, yaani Jumatano jioni, mwalimu wetu alikuja bwaloni na kamba mbili na ndoo ya mchanga. Ni kijana, rika moja na kitinda mimba wangu, na hutuita mama na baba hata anapotusahihisha. Alifunga kamba zote mbili kwenye chuma cha paa, akazifunga zote mbili kwenye mshikio wa ndoo, ila moja aliiacha na urefu wa ziada kidogo. Akaiachia ndoo ining'inie.

"Ndoo hii inabebwa na kamba ngapi?"

"Mbili!" tulipaza sauti darasa zima.

"Mama Pindo, njoo uguse."

Nikagusa. Ya kwanza ilikuwa ngumu kama fimbo. Ya pili ilikuwa laini, imelala, inacheza kidoleni.

"Kwa hiyo?"

"Inayobeba ni moja," nilisema.

"Naam. Hii iliyolegea haijui hata kama kuna ndoo. Na nyuzi za kitu chochote ndivyo zilivyo. Uzi ulionyooka unabeba. Uzi uliojikunja unamwachia mwenzake."

"Sasa huu uliojikunja utajua lini kuwa kuna mzigo?" nilimuuliza.

"Siku mwenzake atakapokatika, mama. Na siku hiyo utakuwa umechelewa."

Darasa likaendelea. Mwalimu alichora, wengine wakanakili. Mimi niliangalia ile kamba iliyolegea mpaka ikawa nyeupe machoni pangu, ikawa kitambaa, ikawa kona ya kalibu, na nikaviona vidole vyangu mwenyewe vikibana na kulaza kwa upole.

"Mama, umeelewa?" mwalimu aliuliza.

"Nimeelewa, mwalimu. Nimeelewa kuliko ulivyokusudia."

Basi asubuhi ile ya ukungu, nikiwa magotini, nilimwomba Mungu anionyeshe namna ya kunyamaza bila dhambi. Nilisubiri. Umande uliendelea kudondoka. Hakunionyesha. Nikanawa uso, nikavaa.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, hunisubiri kwenye kivuko cha reli kila siku ili tuingie kazini pamoja. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nilikisikia kicheko chake kabla sijamwona.

"Wifi! Mbona uso umeukunja hivyo? Kaka yangu amekufanya nini tena?"

"Kaka yako hajambo. Mwenye jambo ni mimi."

"Haya, lete. Asubuhi bila umbea chai haishuki."

Nilimweleza tukitembea. Nilimweleza kona, wimbi, mkunjo, kamba mbili na ndoo. Hatukuonana sawasawa, nilikuwa nazungumza na khanga yake ya manjano iliyokuwa ikitokea na kupotea ndani ya ukungu. Nilipomaliza, khanga ilisimama.

"Lakini bawa lilipimwa," alisema. "Likasemwa liko sawa."

"Kipimo hupitishwa kwa mistari yenye nafasi kati yake, wifi. Mkunjo wangu uko katikati ya mstari na mstari."

"Sasa wewe umekuwa nani, kipimo cha pili?"

"Mimi ndiye niliyeukunja. Sihitaji kipimo."

Alinishika mkono. "Nisikilize. Muda wa majaribio unaisha mwezi ujao. Tuko arobaini. Tangu mwanzo kuna wanaosema mafundi wa sketi hawawezi kutengeneza mitambo. Leo wewe unataka kuwapelekea ushahidi kwenye sahani? Mimi nina watoto wanne na mume ambaye kazi yake ni kutoa maoni. Nikirudi kibarazani nitashona nini? Upepo?"

"Na likivunjika?"

"Huenda lisivunjike."

"Wifi."

"Nimesema huenda!" Akauachia mkono wangu. Akaanza kusugua viganja vyake kimoja juu ya kingine, kama mtu anayetoa gundi iliyoganda, mpaka getini. Nilidhani amenikasirikia. Nilimwacha na hasira yake, nami nikabaki na hofu yangu, tukaingia.

Sisi arobaini tuna utaratibu wetu. Kila asubuhi, kabla hatujavua viatu, tunasimama mstari mlangoni na msimamizi anauliza swali moja: "Kuna lolote?" Nasi tunajibu kwa pamoja, "Salama!" Ndivyo tulivyolelewa. Mtu akikuuliza hali unasema salama hata kama bati limeng'oka usiku. Mabaya yana wakati wake, baada ya kukaa, baada ya maji ya kunywa. Lakini msimamizi wetu ni mtu wa mashine. Tunamwita Bwana Milimita, mbele yake na nyuma yake, naye huitika. Kila asubuhi aliiandika salama yetu kwenye daftari lake na kuiamini, na baada ya hapo hakukuwa na kukaa wala maji ya kunywa. Kulikuwa na kazi tu.

Siku hiyo hakuwa peke yake mlangoni. Kando yake alisimama mwenyekiti wa kamati ya maji ya mtaa wa juu, mwanamke mrefu, shingo imenyooka kwa ndoo za miaka mingi. Alikuja kuyaona mabawa kabla ya Jumamosi. Alikuwa amevaa gauni zuri na alikuwa akitabasamu tangu getini, mlinzi alituambia.

"Kuna lolote?" aliuliza Bwana Milimita, kalamu tayari.

"Salama!" walijibu wenzangu.

"Lipo," nilisema mimi.

Neno dogo lile lilitoka peke yake, likakaa katikati yetu. Nilisikia pampu ndani ya ukumbi ikivuta pumzi. Bwana Milimita aliinua macho kutoka kwenye daftari, na nadhani alitafuta mahali pa kuliandika asipapate.

"Lipo nini, mama?"

Nikasema. Sikumtazama wifi yangu. Sikusema kwa mpangilio mzuri, nilianzia kwenye kamba za mwalimu, nikarudi kwenye kona, nikasema kuwa nilimshukuru Mungu kwa mkunjo ule na kwamba naona haya. Mtu mmoja nyuma yangu alisema kwa sauti ya chini, "Mama Pindo, Mama Pindo, umetumaliza."

 Bwana Milimita alikwenda kuchukua kipimo cha sauti kinachoona ndani ya bawa, kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni chenye waya na kioo kidogo, akatuongoza sote hadi kwenye bawa la tatu. Lilikuwa limelala pale refu, jeupe, tulivu, na ukungu ulioingia mlangoni ulikuwa umelizunguka chini hata likaonekana halijashikwa na kitu.

"Wapi?"

Niliweka kidole. "Kutoka ukingoni shubiri mbili. Kutoka konani vidole vinne."

"Milimita ngapi?"

"Sizijui milimita zako, baba. Navijua vidole vyangu."

Alipaka maji mahali pale, akakiweka kipimo, akakisogeza polepole. Kwenye kioo kulikuwa na mstari ulionyooka. Ukaendelea kunyooka. Moyo wangu, nakiri, uliruka kwa tumaini la kijinga kwamba labda Mungu ameufuta. Kisha mstari ukainuka kidogo, ukashuka, kama mtoto aliyelala chini ya shuka.

"Huo hapo," alisema.

Alirudia mara tatu. Kila mara mtoto alikuwa amelala pale pale.

"Ungedumu," alisema hatimaye, akiwa bado ameinama. "Miaka mitatu, pengine mitano. Kisha siku moja ya upepo mkali..." Akamgeukia mwenyekiti. "Mama, pale chini ya mtambo patakuwa na nini?"

"Bomba," alisema mwenyekiti. Tabasamu lilikuwa limekwisha. "Pale ndipo bomba la kwanza litakapokuwa. Pale ndipo watu watakapopanga foleni."

 Bwana Milimita alifuta maji juu ya bawa kwa mkono wa shati lake, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Akasimama wima.

"Nina swali," alisema. "Si lile la 'kuna lolote'. Ni swali jingine. Nani mwingine amewahi kukunja?"

 Watu waliangalia miguu yao. Nilihesabu pumzi za pampu. Kwenye ya saba, mkono uliinuka pembeni yangu, mkono ambao ulikuwa ukisuguliwa tangu relini.

"Bawa la pili," alisema wifi yangu. "Tabaka la tisa. Na la ishirini na mbili." Sauti yake ilikuwa inatetemeka, lakini mdomo wake ni mdomo wake. "Na hilo la ishirini na mbili ni zuri kuliko la huyu wifi yangu. Msimpe sifa zote peke yake."

Mtu alicheka, na kicheko kile kikageuka kilio kidogo, na mikono ikaanza kupanda. Mmoja hapa. Wawili kule. Mwanamke mnene wa upande wa gundi ambaye hatujawahi kumsikia akisema lolote aliinua mkono wake na kuufunika uso kwa mwingine. Ilikuwa mikono kumi na mmoja. Mabawa yote matatu.

Nilimtazama wifi yangu. "Kumbe ndiyo maana."

"Nyamaza," alisema, akijipangusa macho. "Wewe ulianza."

Bwana Milimita alivua kofia yake ngumu, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliye msibani.

"Niliwaambia msikunje," alisema. "Kila wiki niliwaambia. Sikuwaambia kwa nini. Nilidhani amri inatosha."

"Sisi kwetu," nilimwambia, "kukunja vizuri ndiyo kazi yenyewe. Asiyejua kukunja hatumwiti fundi. Ulituambia tuache ufundi, na hatukuelewa kwamba hapa ufundi ni kitu kingine."

Aliitikia kwa kichwa polepole. Halafu akasema jambo ambalo wote tulikuwa tukilisubiri. "Ripoti ya majaribio yenu naiandika mimi, mwezi ujao. Naweza kuandika kwamba mafundi hawa walikunja na kufunika. Naweza kuandika kwamba mafundi hawa walikuja wenyewe wakasema. Yote mawili ni kweli. Sijui bado nitaandika lipi."

"Na mabawa?" aliuliza mwenyekiti.

"Yanatengenezeka. Tunakwangua mpaka tuufikie mkunjo, tunakwangua kwa upana, kisha tunalaza upya, kila tabaka pana kuliko lililo chini yake. Ni kiraka."

Neno kiraka likapita kati yetu kama harufu ya nyumbani. Kiraka tunakijua. Hakuna kati yetu asiyewahi kuiokoa nguo kwa kiraka.

"Siku ngapi?"

"Wiki nne. Kwa yote matatu."

"Wiki nne!" Mwenyekiti alirudi nyuma hatua moja. "Nimewaambia watu Jumamosi. Wazee wamepaka chokaa mawe ya njia lori litakapopita. Kuna bibi amefua ndoo zake zote, amezipanga mlangoni. Nikawaambie nini? Kwamba mafundi wameweka mapindo kwenye mtambo? Mimi nikipanda na maneno hayo nitaonekana mwongo, na nimekuwa mwenyekiti miaka tisa sijaitwa mwongo."

"Mama," alisema Bwana Milimita, taratibu, "anayeyasubiri maji ni wewe, si mimi. Ukisema huwaamini tena watu hawa waguse mabawa yenu, nitaleta wengine kutoka mbali, na nitaandika hivyo. Sitakulaumu."

Mwenyekiti alitugeukia sisi arobaini. Alitutazama mmoja mmoja, hakuruka uso hata mmoja. Kwa muda mrefu ilikuwa kama sote tumesimama ndani ya ule ukungu na yeye anajaribu kutambua nani ni nani. Mwisho macho yake yakatua kwangu.

"Mmesema salama miezi yote hii," alisema. "Kila siku, kwa sauti moja. Nimesikia leo kwa masikio yangu, thelathini na tisa mmesema salama na kumbe kumi na mmoja mna lenu. Kesho mkisema salama, nitawaaminije?"

Lilikuwa swali la haki. Nilitaka kumtazama wifi yangu anisaidie, lakini nilijua ni la kwangu. Nilisema moyoni, Bwana, nipe maneno machache. Nikapiga hatua mbele, nikaweka kiganja juu ya bawa, pale penye mkunjo, pakiwa bado na unyevu, na nikasema kwa sauti ili hata wa upande wa gundi wasikie:

"Dada yangu, usiwaambie wewe. Jumamosi nitapanda mimi ngazi zile, nitasimama mbele ya watu wako, na nitasema: ni mimi, bawa la tatu, tabaka la kumi na saba. Watakachonijibu nitakisikiliza mpaka mwisho. Kisha nitarudi hapa, mkinikubalia, nikwangue mpaka niukute mkunjo wangu, na nilaze upya hadi kila uzi unyooke. Na kuanzia leo, Mungu akiwa shahidi, na ninyi wenzangu thelathini na tisa mkiwa mashahidi, na Bwana Milimita na daftari lake, nikiulizwa kama kuna lolote, nitajibu kile mkono wangu unachokijua, hata kama naona haya, hata kama najibu peke yangu. Na siku mtambo utakapoanza kuzunguka, ndoo ya kwanza chini ya mabawa hayo nitaikinga mimi."